Pochi ya kifaa Kibiti: laki tatu za kulinda nini?

Chukua watu watatu wa mfano. Wa kwanza ni kijana wa Kibiti mjini anayeandika programu kwa kampuni ya nje na kulipwa kila mwezi kwa USDC, sarafu mtandao inayofuata thamani ya dola. Wa pili ni mama wa Nyamisati anayenunua kaa na kamba kwa wavuvi wa delta ya Rufiji. Mdogo wake yuko Muscat na humtumia mtaji kwa USDT, sarafu ya aina hiyohiyo. Wa tatu ni mkulima wa korosho wa Bungu. Malipo yake ya msimu yameshaingia benki kupitia chama cha ushirika (AMCOS), na sasa mpwa wake hamwachi apumue: "Mjomba, weka hata kidogo kwenye bitcoin."

Wote watatu wakiuliza namna ya kulinda sarafu hizo watapewa jibu moja: nunua pochi ya kifaa, kile kidude kinachofanana na flashi, chenye kioo kidogo na vitufe. Vijana wa kompyuta wataongeza lao: achana na programu za kubofyabofya, kiendeshe kwa mstari wa amri, yaani kwa kuandika amri kwenye kompyuta, uone mwenyewe kila kinachofanyika. Ushauri huo unamfaa mmoja kati ya watatu. Wawili waliobaki wakiufuata watatumia fedha nyingi kulinda fedha chache, au watajifungia nje ya akiba yao wenyewe.

Hesabu za hapa zinachukua dola 1 kuwa shilingi 2,500. Bei za vifaa ni zile ambazo watengenezaji waliwahi kutangaza. Hupanda na kushuka, hasa nyakati za ofa, kwa hiyo hakiki kabla ya kulipa.

UNANUNUA NINI HASA

Sarafu mtandao hazikai ndani ya kifaa. Salio lako limeandikwa kwenye daftari ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Kilicho mikononi mwako ni ufunguo wa siri, namba ndefu inayotia saini kila muamala. Ni kama muhuri wa ofisi ya kijiji: barua anaweza kuiandika yeyote, ila bila muhuri haina nguvu, na muhuri ukiangukia mikono mingine hakuna atakayeuliza nani kagonga.

Ufunguo huo unaweza kukaa sehemu nne.

Kwanza, kwenye soko la kubadilishia sarafu. Hulipi kitu kuuhifadhi, lakini ufunguo si wako. Wateja wa Mt. Gox walilijua hilo mwaka 2014, na wale wa FTX Novemba 2022, masoko hayo yalipoanguka na fedha zao zikiwa ndani.

Pili, kwenye programu ya simu. Nayo ni bure. Tatizo ni majirani zake: ufunguo unalala kwenye simu ileile yenye WhatsApp, michezo ya mtoto na programu uliyopakua kwa kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua vizuri.

Tatu, kwenye faili la kompyuta. Hapa ndipo wapenzi wa mstari wa amri wanapoanzia. Kwenye zana ya mtandao wa sarafu wa Solana, kwa mfano, amri ya solana-keygen new hutengeneza ufunguo na kuuandika kwenye faili linaloitwa id.json. Faili hilo halifungwi kwa nywila. Anayelinakili ana kila kitu ulichonacho, na wewe hutajua kama limenakiliwa.

Nne, kwenye pochi ya kifaa. Ufunguo unazaliwa ndani yake na hautoki. Kompyuta hupeleka muamala, kifaa hukuonyesha kwenye kioo chake, ukibonyeza kukubali kinarudisha saini peke yake.

Tofauti ya sehemu ya tatu na ya nne ndiyo inayolipiwa. Laptop ya mjini Kibiti ni nadra kubaki na mtu mmoja. Mdogo wako anaandikia barua ya kuombea kazi, rafiki anachomeka flashi kuhamisha filamu, ikigoma inapelekwa kwa fundi ambaye hukaa nayo siku mbili na kubeba "data zako zote" kwenye diski yake kabla ya kupiga Windows upya. Mwenye id.json kwenye laptop ya namna hiyo ameshagawa akiba yake. Mwenye kifaa amegawa picha za harusi tu.

KABLA YA BEI, SHERIA

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kwamba fedha halali nchini ni shilingi, na kwamba kufanya biashara ya sarafu mtandao ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa teknolojia hiyo. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Ukiuza sarafu za shilingi 1,000,000 kwenye jukwaa linalokata kodi hiyo, shilingi 30,000 zinakwenda TRA.

Kodi haigeuzi tangazo la 2019 kuwa ruhusa. Kwa mlaji maana yake ni nyepesi: ukidhulumiwa, usitegemee kwamba ipo ofisi itakayokurudishia. Linganisha na benki. Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana za mteja hadi shilingi 7,500,000 benki ikifilisika. Kwenye pesa za simu kuna kitengo cha huduma kwa wateja, na ujumbe wa kitapeli unaripotiwa TCRA kwa namba 15040. Sarafu mtandao haina bima hiyo wala namba hiyo. Kila shilingi unayotumia kwenye kifaa ni bima unayojikatia mwenyewe.

BEI ZA VIFAA

Ledger Nano S Plus, dola 79, yaani shilingi 197,500. Ya Ufaransa, ilitoka 2022. Haina betri, inapata umeme kupitia waya wa USB, kwa hiyo inaweza kukaa kabatini miaka bila betri kuvimba. Mwongozo wa mstari wa amri wa Solana ulijengwa juu ya vifaa vya Ledger. Udhaifu wake: sehemu ya programu yake haiko wazi kukaguliwa na watu wa nje, na mwaka 2020 kampuni ilivujisha taarifa za wateja. Majina na anwani za watu zaidi ya 270,000 yalimwagwa mtandaoni Desemba mwaka huo, na baadhi yao wakaanza kupokea kwa posta vifaa bandia vilivyotegwa. Kwenye mji ambao watu wanafahamiana kama Kibiti, hilo si dogo. Agiza kwa sanduku la posta, na usimweleze msambaza mizigo kilichomo.

Trezor Safe 3, dola 79, shilingi 197,500. Ya SatoshiLabs ya Prague, walioanza kuuza pochi ya kifaa mwaka 2014. Programu yake iko wazi. Nayo haina betri, na tofauti na modeli za kwanza, ina chipu maalumu ya usalama. Chipu hiyo ina sababu. Januari 2020 maabara ya usalama ya soko la sarafu la Kraken ilionyesha kwamba mtu aliyeshika Trezor One au Model T kwa takriban dakika 15, akiwa na vifaa vyake, angeweza kuutoa ufunguo. Modeli hizo zikiuzwa kwa bei ya kutupa, ujue ni kwa nini.

Ledger Nano X, iliyouzwa kwa muda mrefu dola 149, shilingi 372,500. Nyongeza ya dola 70 inalipia betri na Bluetooth. Anayetumia mstari wa amri anachomeka waya hata hivyo, kwa hiyo hiyo ni laki na elfu sabini na tano ya kitu usichokitumia. Inamfaa mwenye iPhone pekee asiye na kompyuta.

Coldcard Mk4, karibu dola 150. Ya Coinkite ya Kanada, kwa bitcoin peke yake. Inaweza kufanya kazi bila kuguswa na kompyuta kabisa: muamala unaingia na kutoka kwa kadi ya microSD, kama ile ya simu.

SeedSigner. Haiuzwi kwenye boksi la kampuni moja. Unanunua Raspberry Pi Zero, kamera ndogo na kioo, unaunganisha mwenyewe. Haihifadhi ufunguo, unauingiza kila unapotia saini. Ni kwa mtu anayefurahia kushika bisibisi.

Kifaa cha mitumba usikiguse, hata kama muuzaji ni jamaa. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza kisa cha mtu aliyenunua Trezor iliyoonekana mpya, boksi na lakiri vyote vikiwa mahali pake, kumbe ndani imebadilishwa na ufunguo wake tayari ulikuwa unajulikana. Nunua kwa mtengenezaji au muuzaji anayemtaja kwenye orodha yake.

Sasa hesabu hadi mlangoni. Tuseme usafirishaji ni dola 25. Kifaa cha dola 79 na usafiri ni dola 104, yaani shilingi 260,000. VAT ya asilimia 18 juu ya hapo ni shilingi 46,800. Jumla shilingi 306,800, kabla ya tozo nyingine za forodha. Hizo ndizo laki tatu za kichwa cha makala haya.

GHARAMA ZISIZOANDIKWA KWENYE BOKSI

Kompyuta. Zana za mstari wa amri zinataka Linux, Mac au Windows. Kama huna laptop, ongeza laki nne au zaidi kwa iliyotumika. Ukifika hapo, kifaa kimeshakuwa sehemu ndogo ya gharama.

Bando. Hapa ndipo uchaguzi wa sarafu unapouma. Anayetaka kutumia Bitcoin Core, programu kuu ya bitcoin, kikamilifu lazima apakue daftari zima la bitcoin, ambalo limevuka GB 600. Ipo namna ya kulipogoa libaki MB 550 kwenye diski, lakini kupogoa hakupunguzi upakuaji: kila ukurasa unapita kwenye bando lako, unakaguliwa, ndipo unatupwa. Mwaka 2021 TCRA iliweka kiwango cha chini cha bei ya vifurushi vya data kuwa shilingi 2.03 kwa MB. Kwa kipimo hicho GB 600 ni zaidi ya shilingi 1,200,000. Mara nne ya kifaa, kwa ajili ya kupakua tu.

Kuna njia nyepesi. Electrum, pochi ya bitcoin iliyoanza 2011, huuliza seva za watu wengine na kutumia data kidogo sana. Unacholipa ni faragha, maana mwenye seva anaona anwani zako. Zana ya Solana nayo haipakui daftari. Ukishaisakinisha, muamala mmoja ni KB chache.

Ada za mtandao. Muamala wa Solana una ada ya msingi ya SOL (sarafu ya mtandao huo) 0.000005 kwa saini moja. SOL ikiwa dola 150, hiyo ni karibu shilingi mbili. Kupokea USDC kwa mara ya kwanza kunahitaji akaunti ya tokeni inayofungia takriban SOL 0.002, kama shilingi 750 kwa bei hiyo. Bitcoin ina tabia nyingine: siku tulivu unaweza kulipa chini ya shilingi 1,000, lakini tarehe 20 Aprili 2024, malipo ya wachimbaji yalipokatwa nusu, wastani wa ada ulivuka dola 100 kwa muamala. Mwenye akiba ya laki sita kwenye bitcoin siku kama hiyo anakaa kimya tu na kusubiri.

Bati la kuandikia maneno ya kurejesha pochi. Hili tutalirudia chini. Weka makadirio ya shilingi 20,000 hadi 40,000 kwa fundi.

MSTARI WA AMRI UNAONGEZA NINI

Ledger na Trezor zote zina programu zao nzuri za kubofya, bila malipo. Kwa nini basi mtu ajisumbue kuandika amri kwenye dirisha jeusi?

Tazama muamala wa SOL kwa Ledger. Unachomeka waya, unaingiza namba ya siri kwenye kifaa, unafungua programu ya Solana ndani yake, na kufunga ile programu ya Ledger kwenye kompyuta ili visigombanie waya. Kisha:

solana-keygen pubkey usb://ledger?key=0

Kompyuta inajibu kwa anwani yako, herufi arobaini na kitu. Unaandika amri ya solana transfer, anwani ya anayepokea, kiasi, na --keypair usb://ledger?key=0. Dirisha linasimama kusubiri. Kwenye kioo cha kifaa, chenye upana wa vidole viwili, yanapita mambo kwa zamu: kiasi, anayetuma, anayepokea. Hapo usiwe na haraka. Kuna virusi vya kompyuta ambavyo kazi yao ni kubadilisha anwani uliyonakili kabla hujaibandika. Soma kwenye kifaa herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, ulinganishe na anwani aliyokutumia mwenzako, kwenye simu yako, si kwenye laptop. Zikikubaliana bonyeza vitufe vyote viwili. Dirisha linarudisha saini, muamala umekwenda.

Kwa bitcoin kuna HWI, zana ya waliotengeneza Bitcoin Core, inayozungumza na Trezor, Ledger, Coldcard na vingine. Amri ya hwi enumerate inaorodhesha vifaa vilivyochomekwa. Unatengeneza muamala usio na saini, uitwao PSBT; hwi signtx inaupeleka kwenye kifaa utiwe saini; bitcoin-cli, zana ya amri ya Bitcoin Core, inaumalizia na kuurusha.

Faida ni mbili. Ya kwanza ni kwamba hatua zimeachana: kutengeneza, kutia saini, kurusha. Ya pili ni kwamba amri hubaki kwenye faili la maandishi, ikarudiwa mwezi ujao bila kubahatisha kitufe. Anayelipa watu watano kila mwezi atashukuru. Anayetuma mara mbili kwa mwaka atasahau amri na kuanza kutafuta mwongozo, na njia ya kutafuta mwongozo imejaa tovuti za matapeli.

DELTA NA MAJI KUPWA

Kuachana kwa hatua kuna thamani ya pekee kwa watu wa visiwani mwa delta. Ukiwa ndani huko, katikati ya mikoko, mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na boti ya kutoka inangoja maji yajae. Mwenye bitcoin anaweza kutengeneza PSBT akiwa Kibiti mjini, akaibeba kwenye microSD, akatia saini akiwa Salale usiku, na kesho yake faili likarudi bara kurushwa na mtu mwingine asiye na uwezo wa kubadilisha hata senti. PSBT haina saa ya kufa. Mradi fedha zile hazijatumiwa kwingine, inaweza kungoja bamvua lipite.

Solana haingoji. Kila muamala hubeba alama ya karibuni ya mtandao inayokufa baada ya vitalu 150, kama dakika moja hadi moja na nusu. Ukitia saini Salale na kurusha Kibiti, umeshachelewa. Ipo njia ya akaunti ya nonsi inayoshikilia alama isiyokufa, na zana ya amri inaiunga mkono pamoja na --sign-only, lakini ni hatua za ziada ambazo mgeni atazikosea. Kwa mtu anayeishi kwenye mtandao wa kubahatisha, hii ni tofauti kubwa kuliko rangi ya boksi.

Na mtandao wa kubahatisha hauko visiwani tu. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Anayetegemea kuuza USDC leo ili alipe ada ya shule kesho awe na akiba ya shilingi za wiki mbili pembeni, iwe benki au kwenye simu.

MANENO 24

Kifaa kikizama mtoni si msiba. Unanunua kingine, unaingiza maneno uliyopewa siku ya kwanza, 12, 20 au 24 kulingana na kifaa, na kila kitu kinarudi. Maneno yakipotea pamoja na kifaa, basi. Kwa hiyo mali yenyewe ni maneno. Kifaa ni mlango wake.

Yale ya 12 au 24 huchaguliwa kwenye orodha ya maneno 2,048. Zipo orodha rasmi za Kijapani, Kicheki, Kihispania na nyingine, ya Kiswahili haipo, na vifaa vingi hutumia ya Kiingereza. Hili lisikutishe: kwenye orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo hutosha kutofautisha kila neno na lingine. Andika herufi nne hizo kwa usahihi na kwa namba ya mpangilio, hata kama hujui neno lina maana gani. Mpangilio ukivurugika, maneno hayana kazi.

Karatasi ya boksini haifai Kibiti. Kuna mchwa, kuna unyevu wa pwani, kuna mafuriko kama ya Aprili 2024 yaliyoingia majumbani bonde la Rufiji. Nenda kwa fundi anayechomelea mageti, nunua kipande cha stenlesi, si bati la kawaida linaloshika kutu kwa chumvi. Azima kwake vyuma vya kugongea herufi, ugonge mwenyewe, nyumbani, mlango umefungwa. Usimpe fundi karatasi akugongee. Tengeneza vipande viwili: kimoja kikae nyumbani, kingine kwa ndugu anayeaminika mahali ambapo mafuriko ya Rufiji hayafiki. Usipige picha, usijitumie WhatsApp, usihifadhi kwenye barua pepe.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Weka kiasi kidogo, futa kifaa chote, kirudishe kwa kusoma bati. Salio likionekana tena, sasa weka akiba.

Limebaki la mirathi. Mtu akifariki akiwa na fedha benki au kwenye simu, familia inakwenda Mahakama ya Mwanzo, anateuliwa msimamizi wa mirathi, na barua ya mahakama inafungua akaunti. Kifaa hakisomi barua ya mahakama. Warithi wasipojua bati liko wapi na linatumikaje, mgao wao umekwenda na marehemu. Mwandikie mtu mmoja maelezo ya jinsi ya kulitumia, bila maneno yenyewe, uyaweke pamoja na wosia.

KIFAA KISICHOWEZA KUZUIA

Tarehe 21 Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa sarafu za takriban dola bilioni 1.5. Waliotia saini walikuwa na pochi za kifaa. Ukurasa wa kompyuta uliwaonyesha muamala wa kawaida, huku kifaa kikionyesha msimbo usiosomeka, nao wakakubali. Kutia saini usichokisoma kunaitwa kusaini kwa upofu, na kwenye vifaa vingi ni mpangilio unaoweza kuuzima. Uzime, uuwashe pale tu unapojua kwa nini.

Wizi wa kwetu ni mwepesi zaidi. Kila Mtanzania ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Toleo lake la sarafu mtandao ni mtu anayejiita huduma kwa wateja na kukuomba maneno 24 "kuhakiki pochi". Hakuna kampuni inayoyahitaji, kamwe. Na ukipeleka sarafu zako kwenye mradi wa kupanda na kuvuna, kama waliopoteza DECI mwaka 2009 walivyopeleka noti, kifaa kitatia saini bila kusita, kwa sababu umekiamuru wewe.

HESABU YA WATATU

Kanuni niliyotumia ni hii: ulinzi usizidi sehemu moja ya kumi ya kinacholindwa. Kifaa hadi mlangoni, bati na nauli ni kama shilingi 350,000. Kwa hiyo chini ya milioni tatu na nusu, kifaa bado hakijafika bei.

Mama wa Nyamisati. Mtaji wake kwa mzunguko, tuseme laki sita, hulala kwenye simu siku mbili kabla hajaubadilisha kuwa shilingi na kuwalipa wavuvi. Kifaa kingekuwa zaidi ya nusu ya mtaji. Kinachomfaa ni programu ya simu yenye ufunguo wake mwenyewe, maneno 12 kwenye karatasi iliyofungwa plastiki, simu isiyochezewa na watoto, na mazoea ya kubadilisha siku hiyohiyo. Akumbuke pia kwamba kampuni ya Tether, inayotoa USDT, inaweza kuifunga popote ilipo, hata ndani ya pochi ya kifaa. Na alinganishe kila mara na huduma za kawaida za kutuma fedha kutoka Oman: tofauti ya ada ikiwa ndogo, njia yenye risiti ndiyo nafuu.

Mkulima wa Bungu. Hana laptop, hana haja ya bitcoin, ana mpwa. Gharama yake halisi ingekuwa kifaa, kompyuta, bando na mwalimu: milioni moja bila wasiwasi. Mwalimu huyo ni mpwa, ambaye atayaona maneno 24, na tangu hapo mali ni ya wawili. Fedha za korosho zibaki benki ndani ya kinga ya shilingi 7,500,000, au ziende kwenye hati fungani za serikali au mifuko ya UTT AMIS, ambako njia ya msimamizi wa mirathi inajulikana. Akitaka kujifunza, mpwa amwonyeshe kwa elfu ishirini kwenye simu. Ushauri huohuo ni wa VICOBA: fedha za kikundi zinataka watia saini watatu wa benki na daftari linalosomwa na wote, na vikundi vyenyewe vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Ufunguo wa mtu mmoja hauna nafasi hapo.

Kijana wa Kibiti mjini. Ana laptop inayopita mikono ya fundi, analipwa kwa USDC kwenye Solana, ana akiba ya milioni tano inayokua, na amri si kitu kigeni kwake. Kwake laki tatu na nusu ni asilimia 7. Achukue Nano S Plus, aitumie na zana ya Solana, afute id.json baada ya kuhamisha kila kitu kilichokuwamo, na matumizi ya mwezi ayabadilishe kuwa shilingi mapema, akitunza kumbukumbu za ile asilimia 3. Akihamia bitcoin kwa akiba ya muda mrefu, Safe 3 na HWI ni bei ileile. Nano X asiongeze; dola 70 zile zinatosha mabati mawili na fedha inabaki.

KWA UFUPI

Akiba ya sarafu chini ya milioni tatu na nusu: pochi ya simu, au badilisha iwe shilingi.

Juu ya hapo, huna kompyuta: Ledger Nano S Plus au Trezor Safe 3 kwa programu zake za kubofya, ukichomeka waya kwenye simu ya Android.

Juu ya hapo, una kompyuta na unatuma kila mwezi: kifaa kilekile kwa mstari wa amri.

Unaishi ndani ya delta na akiba ni bitcoin ya muda mrefu: Coldcard kwa microSD na PSBT, ikiwa tu kuna mtu bara wa kurusha muamala.

Na kwa yeyote kati ya hao: kama huna mahali pa pili pakavu pa kuweka bati la maneno, wala mrithi atakayejua pa kulitafuta, usinunue kifaa chochote. Kwa hali hiyo benki inakulinda zaidi.